Nilimshuku Mke Wangu kwa Sababu ya Betri za Kamera

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nyumba yangu imepooza na mwenye makosa ni mimi.

Mimi ni mpiga picha, bado natumia kamera ya filamu, na kamera hiyo inatumia betri mbili ndogo za duara, mfano wa vifungo vya shati, ndizo zinazoendesha kipimo cha mwanga na kifyatulio, na zinatakiwa zidumu karibu mwaka mzima, lakini zangu zikawa zinakufa kila baada ya wiki mbili, mara ya mwisho zikanizimikia kwenye mahafali ya watu, familia nzima imejipanga inatabasamu, nabonyeza, kamera kimya, nikaona aibu ya mwaka. Nikajiuliza nani anaitumia nisipokuwepo, nikakumbuka kaka wa mke wangu siku hizi naye anapiga picha kwenye sherehe, basi kichwani mwangu kesi ikaisha. Nikafunga uzi mwembamba kwenye zipu ya mkoba wa kamera ili nimnase mke wangu, na baada ya siku kumi na mbili uzi ulikuwa vilevile ila betri zimekufa, na mimi badala ya kufikiri nikasema huyu mwanamke mjanja, ameufunga tena. Shemeji na dada yao walipokuja kula kwetu nikaropoka mezani, "Wewe na kaka yako mmegeuza kamera yangu shamba la bibi!" Mke wangu akasema, "Mimi hata filamu sijui inaingilia wapi," akanawa mikono, akachukua mkoba wake, akaondoka na dada yake, na mpaka sasa yuko huko.

Baadaye nikaipeleka kamera kwa fundi, hata hakuifungua, akausukuma kwa kidole gumba ule mkono mdogo wa juu ya kamera, wa kuvutia filamu, ukalala, akasema, "Bosi, ukiuacha umechomoza kama ulivyokuwa, kipimo cha mwanga hakizimiki, kinanyonya betri humo humo mkobani." Kumbe muda wote ni mimi! Nataka arudi, nampenda, ila naona haya. Je, nikimwambia niliuziwa betri feki, nitakuwa nimekosea?

Mpiga picha anayejuta

JIBU

Ndiyo, utakuwa umekosea, tena mara ya pili.

Pole kwa yaliyokukuta kwenye mahafali, kusimama mbele za watu na kamera iliyozimika si mchezo. Lakini huo uzi, jamani! Umeukuta mzima, umekuthibitishia kwamba mkoba haukuguswa, nawe ukamhukumu kwa ujanja. Sasa mwenzio angefanya nini ili umwamini? Na shemeji wa watu kosa lake ni kupenda picha tu.

Sikiliza. Ulimdhalilisha mbele ya kaka na dada yake, kwa hiyo hayo mambo ya kunong'ona kwenye simu sahau. Mwombe shemeji mkutane huko kwa dada yao, nenda na kamera, waonyeshe ule mkono, sema, "Ni mimi niliyekuwa nauacha hivi," kisha omba radhi kwa wote, ukianza na mkeo. Neno "lakini" lisitoke mdomoni mwako. Habari za betri feki usizitaje. Akikwambia bado anafikiria, rudi nyumbani bila kununa, na kesho yake mpigie umjulie hali.

Kuhusu kamera, laza huo mkono kila unapoirudisha mkobani, chomoa betri kama utakaa wiki bila kazi, na tembea na za akiba. Hilo ndilo jepesi.

Umenieleza betri zinatakiwa kudumu muda gani, zako zilidumu siku ngapi, na zilizimikia wapi. Mkeo ana siku ngapi kwa dada yake, hukuandika. Hesabu, halafu vaa viatu uende.