Semista ya Miguu

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na minane na bado napanda ngazi bila kushika ukuta. Nimezika mameya sita, mabosi wanne wa idara ya maji, wake wawili (wote walisema mimi mbishi, Mungu awarehemu) na daktari aliyeniambia moyo wangu hautafika sitini. Hata lile tangi kubwa la mjini, lililosemwa litadumu miaka mia, lilibomolewa mwaka juzi. Nilikuwepo. Nililitazama likianguka.

Leo barua. Kutoka chuoni! Binti yangu akanisomea. Ningeweza kusoma mwenyewe, ila herufi zao ndogo kama chawa. Wanaanzisha digrii mpya: Masomo ya Miji na Utumishi wa Umma. Kuna kamati ya kuipanga, na kwenye kamati wanataka mstaafu mmoja wa idara ya maji. Wamenichagua mimi.

Binti akasema, Baba, wanakutaka ukae pale upigwe picha basi. Usiende kugombana na watu.

Nikamwambia nimegombana na bomba la inchi kumi na mbili likanyooka. Maprofesa ni nini?

Shule niliacha darasa la tatu. Leo niko kamati ya digrii. Haya!

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha kwanza. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nikapanda, nikawaacha wawili nyuma wanahema. Viti vyao vinazunguka. Nilizunguka mara moja tu, kuona kinavyofanya kazi.

Tuko tisa. Mwenyekiti ni mama mmoja, profesa, mtulivu, anaangalia zaidi ya anavyosema. Kuna Karani anayeandika kila kitu, hata ukikohoa. Na kuna kijana, mwalimu wa ramani za kompyuta. Jina lake refu, mimi namwita Bwana Ramani. Wengine wanatikisa vichwa tu.

Wakachora miaka mitatu ubaoni. Historia ya miji. Sheria. Takwimu. Uongozi. Kitu kinaitwa nadharia — mara nne! Mwisho kabisa, mwaka wa tatu, wiki mbili za mafunzo kwa vitendo.

Nikanyoosha mkono nikauliza, na mtaa wenyewe watauona lini? Wakacheka, kile kicheko cha kumvumilia mzee.

Basi nikasimama. Nikasema semista yote ya kwanza iwe ya miguu. Darasa hakuna. Mwanafunzi aamke na wafagiaji, ashuke kwenye chemba na wazibuaji, atembee nyumba kwa nyumba na msoma mita. Akirudi ndiyo mumpe nadharia zenu zote nne.

Bwana Ramani akasema, mzee wangu, mji wote tunao humu. Akapigapiga kompyuta yake kama mtu anayembembeleza mtoto. Kila bomba, kila koki. Mwanafunzi ataujua mji bila kuchafua soksi.

Nikamwambia: miaka thelathini na tisa nimesikiliza mabomba ya mji huu. Fimbo ya chuma, ncha moja kwenye koki, ncha nyingine sikioni. Bomba likivuja linalia, nami namsikia mgonjwa wangu. Ndiyo maana kazini waliniita Sikio. Miaka thelathini na tisa, sina kosa hata moja! Hiyo kompyuta yako inasikia nini?

Mwenyekiti akamwambia Karani aandike: pendekezo la Semista ya Miguu, litajadiliwa, litapigiwa kura.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Binti anasema nimetembea kama jogoo mpaka jirani kauliza nimeshinda nini.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha pili. Kibaya.

Bwana Ramani kaja na projekta. Anataka kuonyesha kwamba miguu haina kazi. Kaleta mfano: mtaa mmoja una zahanati, na zahanati haipati maji mwezi wa tatu sasa. Idara imechimba upande wa kushoto wa barabara, pale ramani inapoonyesha bomba. Mara tatu. Wamekuta udongo mkavu na mawe. Bomba hakuna. Wameamua limeoza lote, limekwisha, mwaka ujao wafunge barabara walaze jipya. Akasema, unaona mzee, wenye miguu na majembe walikwenda mara tatu wakarudi mikono mitupu. Kompyuta ndiyo imetoa jibu.

Nikaanza kumcheka. Chuma kile hakiozi kikaisha, bwana! Tulikilaza wenyewe, kilikuwa kizito kama —

Hapo nikaiona picha ukutani vizuri. Kona ile. Ukuta wa shule. Mteremko.

Nikakaa.

Mwenyekiti akauliza, Mzee, ulikuwa unasema? Nikasema hapana. Mimi! Nikasema hapana.

Jumanne, 11 Machi

Chai imepoa mezani.

Binti yangu ni nesi. Zahanati yake ndiyo ile. Kila jioni anarudi anasugua mabega, ndoo wanabeba toka kituo cha mafuta, wao manesi wenyewe. Mwezi wa tatu ananiambia maji hakuna. Nami namjibu, vijana wa siku hizi wazembe, hawajui kutafuta bomba.

Mtaa nilikuwa naujua. Sikutaka kuukumbuka.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Sururu. Tumebaki wawili wa lile genge letu. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa sururu, sasa hasikii. Inabidi upige kelele mpaka mtaa mzima ujue siri zako.

Nikamwuliza, unaikumbuka kona ya shule? Akasema, nani kafa? Nikarudia. KONA! YA SHULE!

Akacheka meno yake yote mawili. Akasema, pale ulipojifanya injinia?

Sijawahi kuyaandika haya. Nayaandika.

Miaka arobaini na moja iliyopita. Nyapara wetu kaenda kuoa, kaniachia genge siku tatu. Ramani inasema bomba lipite kushoto, ubavuni mwa shule. Siku ya pili tukagonga mwamba. Sururu kavunja mipini miwili. Nikaamua: tunavuka, bomba lipite kulia. Uamuzi mzuri! Hata leo nasema mzuri. Siku ya nne ikaja fomu kutoka ofisini. Ina viboksi viwili. Karani wa wakati ule akasimama juu yangu na kalamu, akasema weka tiki unapohusika.

Sikujua kusoma. Nilijifunza miaka saba baadaye, darasa la watu wazima, nikakaa nyuma kabisa. Siku ile nilitaka kusema nisomee. Genge lote linanitazama, nyapara wa siku tatu. Nikaweka tiki kiboksi cha kwanza. Kwa sababu kilikuwa cha kwanza.

Kiboksi cha kwanza kilisema: limelazwa kama ramani.

Mwezi uliofuata wakanipa unyapara wa kudumu. Kazi safi, walisema. Nilipojua kusoma nikaliona faili. Nikalifunga.

Nikamwuliza Sururu, nifanye nini? Akasema, kanyamaze tu, Sikio. Wewe na mimi tukifa, nani atajua? Halafu akanivuta mkono. Akasema, lakini yule mtoto wako anabeba ndoo, si ndiyo?

Alikuwa amesikia habari za ndoo nilizomweleza. Mshenzi yule husikia anapotaka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema!

Kikao cha tatu, siku ya kura. Bwana Ramani akasema tubaki na wiki mbili za vitendo, hata mzee wetu juzi hakuwa na jibu. Vichwa vikatikisika. Semista yangu ilikuwa inakufa mbele ya macho yangu.

Nikasimama. Nikasema ramani ya mtaa ule ni uongo, na mwongo ni mimi.

Nikawaeleza yote. Mwamba, kuvuka, fomu, kiboksi. Nikasema kabisa kwamba sikujua kusoma. Mbele ya maprofesa! Karani akaacha kalamu hewani akauliza, Mzee, hilo niliandike? Nikamwambia andika. Na andika ni lini nilijifunza.

Kisha nikamgeukia Bwana Ramani. Nikasema, mwanangu, wewe hukukosea. Uliiamini tiki. Kompyuta yako imeiamini tiki yangu, idara imechimba mara tatu kwa kuiamini tiki yangu, na wanafunzi wenu watasoma miaka mitatu juu ya tiki yangu. Waache kwanza wakamwulize aliyeiweka. Bado yupo. Ana miguu.

Hakuna aliyecheka.

Bwana Ramani akauliza, taratibu, na ukikosea tena, Mzee? Nikasema bomba lisipokuwa kulia, futeni semista, na kiti changu mpeni mwingine.

Mwenyekiti akasema kura haipigwi leo. Itapigwa Jumanne, shimoni, idara ikishachimba kulia.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia binti. Hilo lilikuwa gumu kuliko kamati.

Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja. Akakunja shati lilelile mara tatu. Nikasema, mwanangu, sema kitu, hata nitukane.

Akasema, miezi mitatu, Baba. Nimemwosha mzazi kwa kikombe cha chai. Wewe unakaa hapo unasema vijana wazembe.

Nikachukua taulo nikaanza kukunja nami. Mimi!

Baadaye akaja mlangoni. Akasema, uliona aibu kuomba usomewe? Nikasema ndiyo. Akasema, na leo je, umeona aibu kuniambia? Nikasema zaidi. Akasema, Jumanne nitatoka wodini nije. Lakini bomba lisipokuwepo, Baba, ndoo utazibeba wewe.

Nikasema nitazibeba. Mbili mbili!

Jumanne, 18 Machi

Lazima niandike leo leo.

Walikuja wote. Kamati tisa, injinia wa idara na wachimbaji wanne, manesi dirishani, watoto wa shule juu ya ukuta. Sururu kaletwa na mjukuu wake, kakalishwa kwenye kiti kama meya. Binti yangu kasimama pembeni, mikono kifuani, hacheki na mtu.

Nikatoa fimbo yangu ya chuma. Injinia akaniambia Mzee, tuna mashine ya kusikilizia. Nikamwambia weka chini mashine, zuia magari. Wakazuia. Nikaweka ncha kwenye lami ya upande wa kulia, pale nilipokumbuka koki ilifukiwa, nikainama. Sikio la kushoto halifai tena. La kulia bado lipo kazini.

Kwanza sikusikia kitu. Moyo wangu tu unapiga. Nikasogea hatua nne. Hakuna. Nikamsikia mtu wa kamati anakohoa. Hatua sita zaidi, mteremkoni.

Likalia. Ssssss — jembamba, kama mtu anayepulizia chai ya moto. Miaka arobaini na moja! Nikachora duara kwa chaki. Nikasema chimbeni hapa.

Wakachimba mpaka kiunoni. Udongo mkavu. Bwana Ramani ananitazama, nami natazama udongo. Injinia akasema Mzee… Nikasema bado! Sururu kutoka kwenye kiti akapiga kelele, mnachimba kama mnapanda maua, nipeni mimi!

Kisha udongo ukageuka rangi. Kisha koleo likasema KONGO! Chuma juu ya chuma. Na maji yakaruka, bwana wee, yakampata Bwana Ramani toka tai mpaka soksi.

Watoto wakashangilia juu ya ukuta. Mimi nililia, nani wa kunikataza. Mwenyekiti akavua viatu akaja mpaka ukingoni, akasema kwa sauti ileile ya kikaoni: wanaokubali Semista ya Miguu? Mikono tisa. Mmoja una tope mpaka kwenye kiwiko — wa Bwana Ramani.

Binti alikuja mwisho. Akanipangusa uso kwa aproni yake. Akasema, Baba, usijisifu mpaka kesho. Nikasema kesho mbali.

Ijumaa, 21 Machi

Tundu la bomba limezibwa. Tangi la zahanati limejaa. Semista imeandikwa kwenye mtaala, Karani kanionyesha, nimesoma mwenyewe neno kwa neno.

Lakini jana injinia kanipigia simu. Kaniuliza kwa heshima sana: Mzee, kabla hujajua kusoma, uliweka tiki ngapi nyingine?

Sijui. Miaka saba ya unyapara. Nimekaa toka asubuhi naorodhesha mitaa. Nimefika kumi na tisa. Mingine tulifuata ramani, naapa. Mingine… pale sokoni tulikwepa msingi wa ghala. Karibu na stendi kuna kitu tulifanya, Sururu anabisha, mimi nabisha.

Nimempigia Mwenyekiti. Nikamwambia mitaa kumi na tisa haiishi kwa semista moja. Nataka mbili. Nikamsikia anacheka. Kasema niandike sababu, kwenye baraza la chuo watauliza kwa nini wamwamini mtu wa namna yangu. Nikasema waulize tu! Nani mwingine anajua pa kuanzia?

Asiyeamini, wa kunithibitisha wapo. Binti yangu, ambaye hanisifu bure. Sururu, ila upige kelele. Karani, kila neno langu analo kwenye muhtasari. Na Bwana Ramani, anayegonga mlango hivi sasa, mara ya tatu, kavaa mabuti ya mpira mapya, anasema tuanze na sokoni kabla jua halijawa kali na nimwonyeshe mwenyewe pale tulipokwepa msingi wa ghala.