Hiyo Shingo Usiifiche

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Viatu.
Jumapili asubuhi, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana nikianza na maneno makali utaikunja barua. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima, shemeji yako anakoroma chumba cha pili. Mimi nimeshasimama mara mbili tangu niandike tarehe. Kiti hakikaliki.

Ni simu ya wifi iliyonikosesha raha. Usimgombeze, alijizuia mpaka akashindwa. Kumbe uligongwa kwa nyuma ukiwa umesimama na gari la mikate, ukashuka, ukamwambia kila mtu huna hata mkwaruzo. Sasa unatafuna dawa za kichwa kama njugu, vidole vinakufa ganzi, na ukitaka kutazama pembeni unageuka mwili mzima. Na bado unaendesha! Una akili kweli? Nikikupigia unasema uko barabarani, unakata. Barua hutaikata.

Hayo nayajua kwa sababu yalinipata mwaka jana. Teksi ilisimama kupisha watu, gari dogo likatusukuma kwa nyuma. Hata taa haikuvunjika. Nilicheka, nikaokota vifungo vyangu vilivyomwagika, nikaenda zangu kazini. Kesho yake nikashindwa kugeuza kichwa kuitazama pasi. Nikapigwa picha, mifupa mizima kabisa. Mavyaa akaanza kunung'unika kwamba najidekeza.

Hapo ndipo ufundi uliponiponza. Nilikata kile kitambaa kigumu cha kola za mashati, nikatia sponji ndani, nikajishonea kola ya shingo yenye pindo safi. Wateja waliisifia! Nikala nayo, nikalala nayo, mwezi mzima. Nilipofika kwa mama wa mazoezi ya viungo hospitalini, shingo ilikuwa imekakamaa. Akaivua ile kola, akaigeuzageuza.

"Umeshona vizuri, dada. Ila hii ndiyo inayokulemaza. Shingo haiponi kwa kufungwa hivi."

Akanieleza kwamba gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinasukuma mwili mbele, kichwa kinabaki, kisha kinarushwa. Nyama na kano za shingo zinavutika. Ni kama mshono uliovutwa ghafla, uzi haujakatika lakini kitambaa kimekunjamana. Picha ya mifupa haionyeshi hayo, na maumivu yanaweza kuchelewa mpaka siku ya pili. Mimi nilipona kwa kugeuza shingo polepole, kila siku, huku nikilalamika.

Lakini mimi sikupata ganzi. Jana nimemfuata yule mama wa mazoezi kumweleza habari zako, na hakutabasamu. Kasema hiyo ganzi daktari aione upesi, kabla mtu yeyote hajakugusa shingo. Yule kinyozi wako anayekuzungusha kichwa mpaka kilie ko, mwambie akome!

Najua unaogopa kuambiwa upumzike, gari apewe mwingine. Mimi naogopa siku utakayorudi nyuma na gari bila kuona kilicho nyuma. Tangu jana nashona, nabandika kola upande usio wake, nafumua. Ukiipata hii barua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na jirani yenu fundi saa umpe salamu zangu. Mama anakusalimu, sijamwambia kitu, na sijui nitanyamaza mpaka lini. Mungu akulinde barabarani, akulaze salama.

Mimi nikupendaye hata unaponikasirisha,
Dada yako.

Tena: nilikuwa nimeshabandika bahasha, nimeifungua. Ukikaidi ukaingia garini, kabla hujaliwasha, geuka unitazame kana kwamba nimekaa nyuma yako. Shingo tu, mwili usiugeuze. Usiponiona, teremka, mdogo wangu.