Upepo Hauulizi Kilo

"Mpanda milima ni mpanda milima. Hata umfundishe mpaka aote ndevu, mbio za saa hataziweza. Mungu kamuumbia kilima, mwacheni na kilima chake."

Shamte, binamu yangu, maneno hayo yalitamkwa uani kwako siku ya arobaini yako. Aliyeyatamka ni Mwenyekiti wa kamati ya baiskeli, vidole vyake vikiwa bado na mafuta ya pilau tuliyokupikia. Aliyekuwa anasemwa ni mwanao Somoe, na Somoe alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameshika birika ananawisha wageni. Alisikia. Akaendelea kumimina maji mpaka yakamwagikia kanzu ya mtu.

Ungekuwepo ungecheka tu. Mimi sicheki, unanijua. Nimefundisha fizikia pale sekondari mpaka nywele zimeanza kubadilika, nimesoma kila kitabu kilichopita Kibiti na vingine nimeviagiza mbali, na sijawahi kumvumilia mtu anayemsingizia Mungu uvivu wake wa kufikiri.

Nikueleze yaliyotokea tangu uondoke. Kamati imetangaza mashindano ya wanawake ya siku mbili. Jumamosi ni mbio za saa: kila mmoja anaachiwa peke yake kwenye lami tambarare, kutoka Kibiti kuelekea Ikwiriri, hakuna mgongo wa mwenzake wa kujificha upepo, mpinzani wake ni saa tu. Jumapili ni milima, huko ng'ambo ya Mbwara. Muda wa siku zote mbili unajumlishwa, na asiyekimbia Jumamosi haruhusiwi kuanza Jumapili. Sasa wamelikata jina la Somoe kwenye orodha ya Jumamosi, "asije akajiaibisha mtoto wa marehemu." Maana yake wamemkata na Jumapili, siku ambayo hakuna msichana wilaya hii anayeweza hata kuliona gurudumu lake la nyuma. Na wanasema wamemhurumia! Dharau ikivishwa huruma ndipo inaponuka zaidi.

Ni kweli, mwaka jana alikimbia na saa akawa wa mwisho. Ulikuwepo, ulimshikia baiskeli. Aliondoka kama aliyefukuzwa na nyuki, amesimama juu ya pedeli, kifua kimetanuka mbele ya upepo, magoti nje, vilevile anavyopanda kilima, na kabla ya nusu ya njia alikuwa amekwisha. Mwenyekiti akatazama hayo akahitimisha: hawezi. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza akinijibu hivyo namrudisha akakae. Mtu asiyefundishwa akishindwa mara moja, tulichojifunza ni kwamba hakufundishwa. Basi.

Na kuna ujinga mkubwa kuliko huo. Wanaulizwa kama mpanda milima anaweza kuongeza mwendo kwenye tambarare, wao wanajibu kwamba hawezi kumshinda yule dada wa Ikwiriri mwenye mapaja kama magogo ya mkoko. Nani kawauliza habari za mapaja ya watu? Huyo dada atamwacha Somoe Jumamosi, nakubali, na mwakani huenda akamwacha tena. Lakini muda unajumlishwa! Somoe hana haja ya kushinda Jumamosi. Ana haja ya kushindwa kidogo. Kamati nzima, wajumbe sita, hakuna hata mmoja anayejua kujumlisha.

Shamte, nilikuwa nimeanza kuandika kwa hasira tu, halafu nimekumbuka tenga lako.

Unakumbuka Nyamisati, boti za Maparoni zinapoteremsha ng'onda? Wenzako wote walifunga samaki wao wakavu kwenye matenga mapana, yakatanda nyuma ya baiskeli kama mlango. Wewe ulisuka la kwako mwenyewe, jembamba, refu, ukalifunga kwa urefu, kichwa mbele miguu nyuma. Wakakupigia kelele gatini: "Shamte kafunga jeneza! Nani kafa leo?" Na mimi nilikuwepo, nikapiga kelele kuwashinda wote. Utani ni haki yangu, mama yangu ni shangazi yako.

Ulikuwa mwembamba kuliko wote, na samaki wako walikuwa wanakwenda vijiji vya milimani, kwa hiyo kila mtu alikuita mtu wa milima. Lakini kwenye lami tambarare pia uliwaacha, wanaume wenye vifua kama mapipa, mzigo sawa, baiskeli sawa za chuma. Hawakujiuliza kwa nini. Walisema una hirizi. Huyuhuyu Mwenyekiti, kabla hajawa mwenyekiti, aliigeuza baiskeli yako juu chini mbele ya watu, akapapasa chini ya tandiko, akatoa kipande cha mpira wa ndani ulichozibia mlio wa springi. Akakishika kwa ncha za vidole kama nyoka. Akakitupa mtoni! Tandiko lako likalia kwi-kwi-kwi mpaka Kibiti.

Jioni ile uliniambia neno ambalo sikulisikiliza. "Mlimani unabishana na kilo zako, binamu. Tambarare unabishana na upepo, na upepo hauulizi kilo, unauliza kifua." Ukainama kunionyesha, nikakuambia unafanana na kuku anayetaga.

Mwalimu wa fizikia, Shamte. Asubuhi yake niliingia darasani nikachora ubaoni mishale ya ukinzani wa hewa, nikawapa watoto zoezi.

Kwa hiyo dharau yangu haiishii kwa kamati. Kipande chake nimejiwekea mwenyewe.

Siku ya msiba wako nilifanya kazi ya mtani, kama ulivyonifanyia alipokufa mama. Watu walipozidi kulia niliitoa baiskeli yako, nikaisimamisha kwa stendi katikati ya uwanja, nikavaa kofia yako, nikapanda. Nikakuigiza. Kidevu juu ya usukani, matako juu, macho kama ya mtu anayetafuta sindano barabarani. Kilio kikageuka kicheko, hata wabeba jeneza wakacheka. Ndipo Somoe akatoka ndani, macho mekundu, akapita katikati ya watu, akasimama mbele yangu.

"Shangazi, umekosea. Baba viwiko alikuwa anavibana."

Akanishusha. Akapanda yeye. Akainama, akabana viwiko, akabana magoti, mgongo ukalala kama ubao, na ukawa wewe. Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa mbele nikitazama kifua chake kinavyopotea nyuma ya mikono, na nikauona ukinzani wa hewa kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mtu mzima mimi, siku unazikwa.

Baada ya siku saba tukaanza. Njia yetu ni rahisi, hata kamati ingeielewa ikielezwa polepole. Anaondokea pale mwisho wa soko, juu ya baiskeli yako. Simu yangu naiweka kwenye mfuko wa mgongoni mwake, kengele imetegwa kwa dakika zilezile kila siku. Ikilia, anashuka, anachomeka kijiti kando ya lami.

Kijiti cha kwanza kilikaa karibu na ule mkorosho uliopigwa na radi. Alirudi anashika kiuno kama bibi. Shingo ilimuuma, misuli ya milimani haikuuzoea mkao ule, na alisema kwa kuinama hivyo anashindwa kuvuta pumzi. Kijiti cha pili hakikufika hata kwenye mkorosho. Nilidhani Mwenyekiti yuko sahihi, Shamte. Kwa usiku mmoja nilidhani hivyo, na sijawahi kulala vibaya namna ile. Kesho yake tukapandisha usukani kidogo, vidole viwili tu, akapata pumzi.

Kilichobaki kilikuwa kuondoka. Nilimwambia aanze taratibu mpaka aone aibu, kama unavyoanza kilima kirefu ukijua kileleni ni mbali. Hilo analijua kuliko mtu yeyote! Kukaa na maumivu yaleyale, hayapandi hayashuki, saa nzima, ndiyo kazi ya mpanda milima. Wale wa mapaja hawaijui, wao wamezoea kuruka na kupumzika. Hicho kipaji kilikuwa kinamsubiri tambarare siku zote, yeye akakiacha mlimani kwa sababu aliambiwa ni cha huko.

Vijiti vikaanza kutembea. Vikapita mkorosho. Vikafika kalavati. Kimoja kilirudi nyuma, ile siku ya arobaini yako. Aliondoka na hasira ya maneno ya uani, akasimama juu ya pedeli kama zamani, akakiona mwenyewe alipokichomeka, akakaa chini pale barabarani akalia. Sijui alikuwa anakililia kijiti au wewe. Sikumuuliza.

Cha juzi kiko mbele ya kalavati, ng'ambo kabisa, kwenye kichuguu. Miguu ni ileile, kilo ni zilezile. Nilikwenda kukitazama peke yangu, nikasimama kama mjinga nikingoja useme neno.

Tandiko bado linalia, binamu. Hajaliziba. Anasema akilisikia anajua anakwenda sawa.

Sasa lala. Mola akufanyie wepesi huko kuliko tulivyokufanyia hapa, mimi nikiwa wa kwanza. Nakuahidi hivi: sitakuigiza tena bila kubana viwiko. Na Jumamosi jioni nitakuja kaburini na kijiti kimoja, nitakuambia kilikotoka, na kama ameshindwa vibaya nitakuambia pia, maana wewe hukuwahi kunidanganya mzigo ukiwa mzito.

Marehemu hana haja ya karatasi, kwa hiyo karatasi hii naibandika kwenye mlango wa ofisi ya kamati. Wajumbe sita, ninyi mlioila pilau yake, nasema nanyi. Lirudisheni jina la Somoe binti Shamte kwenye orodha ya Jumamosi kabla ya sala ya Ijumaa. Sitaki mnihurumie, sitaki mnipe kiti cha mbele. Anayetaka kubisha asije na kauli ya Mungu kamuumba hivi. Atoke mwisho wa soko kwa miguu, na wewe Mwenyekiti uiache pikipiki, aende mpaka mkorosho, kutoka mkorosho mpaka kalavati, kutoka kalavati mpaka kichuguu, ainame akiguse kile kijiti.

Kisha arudi, amwandike.