Chupa Iliyopumzishwa Kibuyuni

Nyumbani kwa Mama,
Kakuma.
11 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ekai,

Ejok! Hujambo huko Ujerumani? Kile kifua kimepona, au bado unatembea na koti bila kufunga vifungo? Sisi tunapumua. Jua la huku unalijua, siku hizi hata mbuzi wanagombea kivuli cha magari. Mume wangu Lokorio amebaki Lodwar na watoto. Hawajambo, ila wanalalamika kwamba baba yao kupika kwake ni ugali tu.

Nimeandika kwa mkono, nitapiga picha nikutumie, maana ujumbe wa sauti unausikiliza nusu huku unatembea. Hii isome ukiwa umekaa.

Mama hayuko sawa.

Unakumbuka walimbadilishia dawa ya kisukari. Ile ya zamani ilikuwa nyeupe kama maziwa, na nesi alimfundisha kuichanganya kabla ya kujidunga. Hii ya sasa ni angavu kama maji. Mama akaona hiyo haijaiva. Basi akaitia chupa ndani ya kibuyu kidogo chenye kitambaa kibichi ili ipoe, vizuri sana, halafu kila asubuhi akawa anakitikisa kibuyu juu ya magoti kama anatafuta siagi. Na wimbo juu! Dawa ikaingia ukungu, ikatoa vinyuzi vinyuzi. Akafurahi, akamwambia Josiane, yule jirani yake Mkongo, kwamba sasa imeshika.

Sukari haikushuka. Akaongeza kipimo, akaongeza tena, kimyakimya. Kidonda cha mguu kikafunguka. Nilipoambiwa nikanunua chupa nyingine Lodwar, nikaja nayo mwenyewe kwenye lori la Abdifatah, nimeipakata ndani ya kikasha cha baridi. Mama akavuta kipimo kilekile kikubwa alichozoea kwa dawa mbovu, akajidunga dawa yenye nguvu zake zote, na hajala kitu, uji bado uko motoni. Ekai, alianguka mbele yangu. Macho yamegeuka, jasho linamtiririka. Josiane ndiye aliyempaka sukari kwenye ufizi, mimi napiga mayowe tu. Mungu ambariki yule mwanamke.

Hospitali walimrudishia fahamu. Daktari alipoiona chupa ya kibuyuni aliuliza nani ameitikisa namna hii. Alivyoeleza, nikaikumbuka barua yako ya mwaka jana. Si uliniandikia juu ya ule mrija wa maabara yenu wa kutenganishia protini, uliojaa chembe zinazoogopa maji? Kwamba protini imejikunja, upande wake wa mafuta imeuficha ndani, na ikigusa zile chembe inajikunjua, inanata, inapoteza umbo? Daktari anasema insulini nayo ni protini, na hewa iliyomo chupani inafanya kama chembe zako. Ukitikisa, dawa inakutana na hewa, inajikunjua, kisha protini zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Wewe mtu wa protini, mama yako anajidunga protini kila siku, na hata mara moja hukuuliza anaiwekaje! Nimekasirika, sikufichi.

Sasa shida yenyewe ni hii. Mama amekataa chupa mpya. Anasema ilitaka kumuua, na nani atambishia? Kidonda kinanuka. Daktari amesema sukari isiposhuka upesi mguu utakatwa, na tukizidi kuchelewa tutampoteza.

Nilidhani ni woga tu. Juzi nikifagia nikakuta kile kibuyu chini ya kitanda, chupa mbovu imelazwa ndani taratibu kama mtoto. Nikamuuliza ya nini. Akasema nisiiguse, inapumzika, itarudi. Nani kakwambia itarudi, Mama?

"Ekai."

Ni kweli uliandika. Ulisema protini zikishatoka mrijani nyingine hujikunja upya zikawa kama mwanzo. Nilimsomea, akapenda sana, akataka nirudie. Nimemweleza kwamba hizi zake zimeshashikana, haziachani tena. Daktari naye amemweleza. Anasema mwanawe hajawahi kumdanganya. Ningeitupa ile chupa, lakini najua nikiitupa hatanisikiliza tena, na ile mpya hataigusa kabisa.

Kwa hiyo usinijibu mimi. Piga simu leo, nitamwekea sikioni. Mwambie kwa Kiturkana, kwa kinywa chako mwenyewe, kwamba haitarudi, na kwamba atajidunga hii mpya kwa kipimo cha daktari. Usimzungushe na maneno ya chuo.

Josiane anakusalimu, Abdifatah pia, anauliza lini utamletea ile jaketi. Lokorio na watoto wanakusalimu sana. Mungu wetu Akuj akulinde na baridi ya nchi za watu.

Mama naye anakusalimu. Anasema nikuambie usihangaike: vinyuzi vimeshuka chini, juu ya chupa kumeanza kuwa angavu, na kesho asubuhi atajidunga hiyohiyo.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Arupe