Dadu Halijui Kama Nimekosa

Manyoni, Jumapili. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mvua hakuna hata dalili. Sina raha.

Jioni hii nimecheza ludo na Elia, mume wangu. Ubao na dadu lake tuliachiwa na karani Mgoa wa stesheni alipohamishwa baada ya vita. Kete haitoki nyumbani mpaka upate sita, na ukipata sita unarusha tena. Za Elia zote zilitoka. Zangu zilikaa tu kama wageni waliosahau kuaga.

Na huyu mwanamume ni mjanja, jamani! Kwetu dadu likitoka nje ya mkeka linarushwa upya. Basi akiona linasimamia moja, goti lake linalisukuma. Leo hata kumgombeza sikuweza.

Nikarusha, nikakosa. Nikarusha, nikakosa. Nikasema safari hii lazima, maana nimekosa mno. Elia akacheka.

"Mke wangu, dadu halijui kama ulikosa. Lina pande sita, na sita ni upande mmoja tu. Kila ukirusha ni kama ndiyo kwanza unaanza."

Yeye alisema habari ya dadu. Mimi nilisikia habari ya tumbo langu.

Kila mwezi najiambia safari hii lazima. Kila mwezi nafua vitambaa vyangu huku nalia. Namtaka mtoto mpaka naumwa! Jirani akianika vijinguo vya mwanawe, nageuza uso.

Na leo asubuhi mama mkwe, aliyekuja kutoka Issuna kutusalimu, alimwambia Elia aoe mke wa pili, binti yuko tayari. Aliyasema mbele yangu kwa Kinyaturu, akidhani mimi Mgogo siambulii kitu. Naelewa kila neno. Nimejifunza kimya kimya, nilitaka nije nimwimbie mtoto wetu kwa lugha ya baba yake.

Elia hakukubali. Hakukataa pia. Aliinama akafunga kamba za viatu, na jioni akatandika mkeka kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Hicho ndicho kinachonitafuna. Kukosa nimezoea, na kujaribu tena siogopi, hata kama ni mpaka nizeeke. Ila nijaribu na yeye, yeye akiwa wangu peke yangu.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda zamu yake stesheni, nitamwuliza anamtaka nani. Nitamwuliza kwa Kinyaturu.