Hoteli Imejaa, Baba

4 Machi

Kwa binti yangu wa mbali,

Hujambo? Na mume wako, ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu, hajambo? Mimi mzima, ila jino moja limeniacha bila kwaheri.

Fundi rangi ameniambia ile hoteli kuukuu imekarabatiwa, na wewe umeikodi yote kwa siku mbili kuwakusanya wakwe zako. Nimefurahi hadi jirani akadhani nimelewa. Miaka thelathini na moja nilifungua mlango ule na kubeba masanduku ya watu, na sijawahi kulala humo hata mara moja. Nipe chumba namba nane, chenye beseni la kuogea lenye miguu. Nataka nijilaze, nipige kengele, mtu aje mbio, nimwambie nimesahau nilichotaka.

Ni mimi, baba yako.

19 Machi

Shikamoo baba,

Pole na jino. Sisi wazima.

Hoteli ina vyumba kumi na sita na wakwe wameshavijaza. Halafu zile ngazi ni ndefu kwa umri wako. Nitakuja siku nyingine tukae vizuri, wawili tu.

Binti yako.

25 Machi

Marahaba mwanangu,

Afya ipo, maneno ndiyo yanazidi.

Ngazi zile nimezipanda na sanduku la mama mmoja aliyesafiri na cherehani yake. Kama vyumba vimejaa, nitalala chumba cha kufulia, palepale nilipokuwa nikijificha meneja akinitafuta. Ukiona aibu kwa suruali yangu sema, nitaazima ya jirani. Nataka tu unishike mkono mbele ya watu useme, huyu ni baba. Baada ya hapo hata mnifungie stoo.

Baba.

2 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima. Sina raha kuandika haya.

Nilipokuwa naolewa huku, niliwaambia wakwe kwamba ulikuwa meneja wa hoteli ile, na kwamba umefariki. Ndiyo maana mama mkwe alitaka tukutanie humo, aone ulipofanyia kazi. Siwezi kumfufua mtu mbele ya watu arobaini. Tafadhali usije, hata getini. Nitakutumia shuka nzuri.

Binti yako.

6 Aprili

Marahaba,

Afya usiniulize tena, mimi maiti. Nilikufa kwa ugonjwa gani? Niambie, nisije nikataja mwingine. Na kwa umeneja, asante. Kumbe kufa kunapandisha cheo.

Meneja mpya alikuwa ameniomba nivae koti la vifungo vya shaba nisimame mlangoni, wageni waonje mambo ya zamani. Nilikataa, kwa kuwa nilitarajia kuwa mgeni. Leo nimekwenda nikakubali. Usiogope. Sitakujua.

Baba.

21 Aprili

Binti yangu,

Hukujibu, nikajua umeridhika. Uchovu wa sherehe umeisha?

Nilikufungulia mlango mara tatu, ukapita na manukato yako. Mliposimama dakika moja kumkumbuka marehemu meneja, nami nilivua kofia. Ningekosaje adabu kwenye msiba wangu mwenyewe? Ulilia vizuri sana. Hata mimi nilijihurumia.

Kisha mama mkwe wako akaniita mezani penu. "Mzee, wewe ulimfahamu baba yake?"

Nikakutazama. Wewe ukatazama sahani.

"Nilimfahamu, mama. Mtu wa mizaha. Huyu binti yake alikuwa akimbeba mgongoni kutoka shule."

Akanishika mkono. "Pole kwa kumpoteza bosi wako."

Nawe ukasema, "Asante mzee, unaweza kurudi mlangoni."

Nikarudi. Kazi naijua.

Nimemwagiza jirani: siku nikifa kweli, asikupigie simu. Wewe msiba wako umeshaufanya, tena kwa vinywaji baridi.

Marehemu baba yako.