Trekta Inayojizima

Kaka,

Sisi hatujambo. Shemeji yako amepanda maua hadi mlangoni pa choo. Anasema mtengeneza bustani za watu kama mimi asiishi kwenye vumbi.

Jana nilinunua trekta. Kubwa ilikuwepo, na muuzaji aliisifia mpaka povu likamtoka. Nikachukua ndogo. Nilimuuliza swali moja tu: dereva akiinuka kitini, keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo inasimama? Ya ile ndogo inasimama papo hapo. Nikainuka na kukaa, nikainuka na kukaa, mpaka akadhani nina wazimu.

Siku ile niliinuka kufuata maji tu, kaka. Sikuizima trekta yetu ya zamani. Nawe ukainama kupima shimo kama ulivyonifundisha: likimeza mkono hadi begani, limetosha. Keekee ikauchukua mkono wako.

Bado napima hivyo hivyo, ila mkono wangu mfupi, na nguzo zangu zinayumba. Hii ni barua ya nne. Najua kuandika kwa kushoto ni kazi, basi usijibu. Njoo tu. Wewe utakaa kitini, mimi nitaingiza mkono shimoni.

Mdogo wako